Mnofu Unapimwa, Mapanki Je?

Wazee wangu shikamooni. Wengine habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie metali nzito katika samaki wa maji baridi, na kwa kuwa tuko Mwanza, sitakwenda mbali na ziwa letu, Viktoria.

Nianze na zebaki. Mliopita kwenye machimbo madogo ya Geita mnaijua kazi yenyewe. Mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa, zebaki inamiminwa kwenye beseni ikamate chembe za dhahabu, halafu inakamuliwa kwa kitambaa. Kinachobaki ni kidonge cheupe kama fedha. Mchenjuaji anakiweka juu ya kipande cha bati, anakichoma kwa mkaa. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Wa kwanza kuuvuta mvuke ule ni yeye na aliyekaa karibu naye. Zebaki nyingine inabaki kwenye marudio, yaani unga wa mawe uliokwisha kuoshwa, mvua ikinyesha inasombwa.

Ikifika kwenye matope yasiyo na hewa, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki. Hapo ndipo balaa linapoanza, kwa sababu hiyo huingia mwilini kirahisi na hutoka taratibu sana. Wadudu wa majini wanayo kidogo, dagaa anawala, sangara anamla dagaa, na kila hatua kiasi kinapanda. Sangara wa kilo 40 ameishi miaka akikusanya. Sato, ambaye chakula chake kikubwa ni mwani, hana mzigo huo. Na tusidanganyane jikoni: methili-zebaki imeshikana na nyama yenyewe. Ukaange, ubanike, ukamulie ndimu, iko palepale.

Wajapani waliyaona haya. Huko Minamata, ambako ugonjwa wa sumu ya zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, samaki walikuwa wa baharini. Lakini mwaka 1965 ukazuka tena Niigata, safari hii kwa watu waliokula samaki wa mto Agano, chini ya kiwanda kilichomwaga maji yenye zebaki. Ganzi ya mikono na midomo, kuyumba, kutoona pembeni. Minamata kulikuwa na akina mama waliojiona wazima, wakajifungua watoto ambao ubongo wao umekwisha kuharibika.

Je, sisi tumefika huko? Hapana, na anayewaambia mmefika anawatisha bure. Vipimo vingi vilivyochapishwa kuhusu samaki wa ziwa hili viko chini ya kikomo cha miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo ya samaki, na wanaokaribia hapo ni sangara wakubwa. Daktari Masazumi Harada, aliyewahudumia wagonjwa wa Minamata maisha yake yote, alishiriki na wenzake kupima nywele za wachimbaji na wavuvi wa huku kwetu. Matokeo yalitoka mwaka 1999. Waliokutwa na zebaki nyingi kupita kiasi walikuwa hasa watumiaji wa sabuni za kung'arisha ngozi! Samaki alisingiziwa.

Ila chini ya kikomo si ruhusa ya kula bila hesabu. Wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, wameweka kikomo cha mikrogramu 1.6 za methili-zebaki kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki. Mama wa kilo 60 anapata 96. Sangara mwenye miligramu 0.5 kwa kilo, robo kilo yake ina mikrogramu 125. Mlo mmoja, na wiki imekwisha. Kwa samaki mwenye 0.1, mama huyo huyo anakaribia kilo nzima.

Sasa jambo linaloniudhi. Risasi na kadimiamu, nazo metali nzito, hazina tabia ya zebaki. Hazipendi sana mnofu. Risasi hukimbilia mfupa na matamvua, kadimiamu ini na figo. Minofu ya sangara inayokwenda Ulaya inapimwa zote tatu, kwa kuwa mnunuzi ana sheria yake: risasi isizidi miligramu 0.3 kwa kilo, kadimiamu 0.05. Sisi tunabaki na mapanki, yaani kichwa na mgongo baada ya mnofu kutolewa, tunanyonya mpaka uboho. Dagaa tunamla mzima, utumbo ndani, baada ya kuanikwa mchangani kando ya barabara. Yaani sehemu inayopimwa inapanda ndege, na sehemu zinazokusanya risasi na kadimiamu zinapanda bodaboda kwenda Igoma.

Kwa hiyo ombi langu kwa maofisa afya mliopo: chukueni dagaa pale mwaloni Kirumba, wa mchangani na wa kwenye vichanja, muwasage wazima na vichwa vyao kama tunavyowala, ndipo mpime. Mapanki yachemsheni kwanza, mpime na mchuzi.

Mjamzito asiache samaki, anamhitaji. Ale sato, ale sangara mdogo, dagaa amtoe kichwa na utumbo na amwoshe vizuri. Sangara mkubwa amwachie mume.

Maswali. Tuanze na mama pale nyuma, amenyoosha mkono muda mrefu.