Herufi za Kona na Mtihani wa Neno DODOMA

NEEMA: Mbukwenyi! Karibuni tena. Mimi Neema, niko na kaka Lameck, na leo tunaongelea fonti zile za kona kona, yaani mitindo ya herufi zilizokatwa kona badala ya kuzungushwa.

LAMECK: Zile ukiziona tu unasikia harufu ya karakana.

NEEMA: Haswa! Juzi nimepita kwa fundi mageti, anatengeneza namba ya nyumba kwa chuma bapa. Sifuri yake ina pembe nane. Nikamuuliza, fundi, mbona huizungushi? Akacheka: kukunja chuma ni shughuli, kukata ni dakika mbili.

LAMECK: Kwa hiyo mashine yake ndiyo iliyochora herufi.

NEEMA: Ndiyo maana zinaonekana ngumu hivyo. Halafu kuna fonti nyingine, ndugu ya hizi, inaitwa Agency FB. Yake kona zimelainishwa kidogo, ila ni mraba mraba vilevile.

LAMECK: Hiyo naijua, huja na Microsoft Office. Kila steshenari wanayo.

NEEMA: Basi mzizi wake ni wa 1932. Mmarekani mmoja, Morris Fuller Benton, alichora herufi kubwa tu. Herufi ndogo zikasubiri mpaka David Berlow alipoifufua mwaka 1990.

LAMECK: Mimi hata sasa naitumia kwa herufi kubwa tu. Kichwa cha bango, namba ya jezi, maneno mawili matatu, inatosha. Kuna mtu alitaka kadi ya harusi kwa fonti za namna hii, nikamwambia wageni watadhani wanaalikwa gereji.

NEEMA: (anacheka) Wewe afadhali. Mimi nilipewa jezi za timu ya mtaani, kifuani waandike DODOMA. Nikachukua fonti ya pembe nane, nikaona nimeua! Sasa liangalie hilo neno. O imekatwa kona zote nne. D imekatwa mbili tu, za kulia. Tofauti yao yote iko kwenye vikona viwili vya kushoto.

LAMECK: Na zimepangana: D, O, D, O.

NEEMA: Kwenye skrini, safi kabisa. Kaa jukwaani pale Uwanja wa Jamhuri uone. Mwenye timu kasimama mbali, akasoma "Ooooma".

LAMECK: Jamani! Ukafanyaje?

NEEMA: D nikaitoa visigino viwili, yaani vipande vidogo vinavyochomoza, upande wa kushoto, juu na chini. O nikaizidishia mkato. Halafu nikaachanisha herufi, maana zilikuwa zimebanana kama abiria wa daladala ya asubuhi. Ikasomeka.

LAMECK: Na M?

NEEMA: M ilikuwa nyembamba, katikati wino ukajaa. Nikaipanua, na ule mshono wa V nikaupandisha juu.

LAMECK: Na zile jezi za mwanzo?

NEEMA: Mbili zilishachapwa. Moja anavaa mdogo wangu. Mtaa mzima sasa wanamwita Ooooma.