Ile R ndani ya duara inamwambia nani, na nini?

Mabibi na mabwana, niingie moja kwa moja kwenye dhana iliyoenea mno: kwamba bidhaa yenye R ndogo iliyozungushiwa duara imekaguliwa na kupasishwa. Sivyo. Alama hiyo haina neno juu ya ubora, wala usalama, wala kilichomo ndani ya chupa. Inatangaza tu kwamba jina hili au mchoro huu umeandikishwa kwa msajili wa alama za biashara wa nchi fulani, na una mwenyewe.

Usajili wenyewe umeitangulia R kwa miaka mingi. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1875, na daftari lilipofunguliwa tarehe 1 Januari 1876, iliyoshika namba moja ni pembetatu nyekundu ya kiwanda cha bia cha Bass. Mkipata nafasi, tazameni mchoro wa Édouard Manet wa mwaka 1882, ule wa mhudumu wa baa ya Folies-Bergère jijini Paris. Chupa zimepangwa mbele yake kwenye kaunta ya marumaru, na pembetatu hiyo inajitokeza waziwazi kwenye lebo. R hakuna, na mnywaji alijua anachoagiza.

R tunayoizungumzia ni ya Marekani. Huko mwenye alama alikuwa akichapa maneno “Reg. U.S. Pat. Off.”, yaani imesajiliwa katika ofisi ya hataza, ile inayotoa haki za uvumbuzi. Jaribu kuyabana maneno hayo kwenye kifuniko cha kalamu! Kisha ikaja Sheria ya Lanham, sheria ya alama za biashara, iliyotiwa saini na Rais Truman tarehe 5 Julai 1946 na kuanza kutumika mwaka mmoja baadaye. Ikaruhusu herufi R ndani ya duara itumike badala ya maneno. Macho ya watu hayakuwa mageni kwa kitu cha namna hiyo, kwani C ya hakimiliki ilikuwa imeshawekwa kwenye duara na sheria ya mwaka 1909.

Hapa sasa ndipo penye fedha, na ndipo wafanyabiashara wengi wanapopapita haraka. Sheria ile haimlazimishi mtu kuweka R. Lakini asipoiweka, kisha akamshtaki aliyemwiga, hapati fidia wala faida aliyoivuna mwigaji, ila athibitishe kwamba mwigaji alijua kuwa alama imesajiliwa. Mahakama inaweza kumzuia mwigaji asiendelee, lakini fedha za nyuma zimekwenda. Kwa hiyo kazi ya R ni kumfunga mdomo mtu atakayesimama kizimbani na kusema “sikujua”. Kwa maoni yangu inamhusu wakili kuliko mnunuzi.

Ile TM je, kifupi cha “trademark”, yaani alama ya biashara? Hiyo ni madai tu. Mtu anaweza kuiweka kabla hata ya kuomba usajili. R haichezewi hivyo. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1994, kudai usajili usiokuwepo ni kosa la jinai.

Tatizo ni kwamba usajili una mipaka ya nchi, na mizigo haina. Mwaka 1990 Mahakama ya Ulaya iliamua kesi ya vichujio vya damu vilivyotoka Italia na kuuzwa Ujerumani vikiwa na R. Alama haikuwa imesajiliwa Ujerumani, na mshindani, kampuni ya Pall, akalalamika kwamba wateja wanapotoshwa. Mahakama ilikataa: kuzuia bidhaa kwa sababu hiyo, ilhali alama imesajiliwa katika nchi nyingine mwanachama wa Jumuiya ya Ulaya, ni kuziba njia ya biashara huria. Uamuzi mzuri, nadhani, ingawa unamwacha msomaji wa lebo asijue ni daftari la nchi gani linalotajwa.

Na R haiokoi jina lililokwisha kuwa la wote. Otis, watengenezaji wa lifti, walikuwa na usajili wa “Escalator”, wakaupoteza mwaka 1950, baada ya wao wenyewe kulitumia kama jina la kawaida la ngazi za umeme, hata katika maombi yao ya hataza.