Chupa ya kifua: jinsi ya kuiandaa bila kukosea mirija

Karibuni tena, wanangu. Leo niko nyumbani Uyole, Mbeya, na mvua inapiga bati kweli kweli, kwa hiyo nitapaza sauti. Mikono nimenawa, meza nimeifuta kwa spiriti. Tunaandaa chupa ya kifua, ile inayounganishwa na mrija unaotoa hewa, maji, damu au usaha kifuani. Wodini tunaita chesti tyubu na chupa yake.

Kumtoboa mtu kifua ni kazi ya daktari aliyefundishwa, hapa sitaionyesha. Sisi tunaanzia pale daktari ameshika mrija mkononi na kuuliza, "Sista, chupa iko wapi?" Ukijibu "naandaa", mgonjwa ndiye anayesubiri.

Nianze na kifua chenyewe, haraka. Pafu limevikwa utando, na ukuta wa kifua kwa ndani nao una utando wake. Katikati kuna nafasi nyembamba sana, na mgandamizo wake uko chini kuliko wa hewa ya nje. Hicho ndicho kinacholishika pafu likae wazi. Hewa ikipenya pale, pafu linasinyaa. Maji yakijaa, na huku kwetu kifua kikuu kinaleta sana maji hayo, pafu linabanwa. Nimewapokea madereva wa bodaboda waliovunjika mbavu barabara ya Tunduma, nimempokea na mama wa Rungwe aliyeanguka kwenye mparachichi akivuna. Sababu ni tofauti, chupa ni ile ile.

Vifaa: chupa safi ya kioo iliyochemshwa, kizibo chake chenye matundu mawili, mirija miwili migumu, mmoja mrefu na mmoja mfupi, mpira mrefu wa kuunganisha, salaini (yale maji ya chumvi ya hospitali), plasta, kalamu, rula. Kizibo, mirija na mpira lazima viwe vimetakaswa. Vya leo ni vipya kabisa, na mtaona kwa nini nimesisitiza.

Mimina salaini. Chupa hii inachukua kama ml 300, yako inaweza kuwa tofauti, tazama mrija na si ujazo. Funga kizibo. Mrefu unaingia ndani ya maji, mfupi unabaki juu, hewani.

Sasa hapa tusimame. Ncha ya mrija mrefu iwe sentimita 2 chini ya maji. Sogeza kamera... karibu zaidi... taa inang'aa kwenye kioo, geuza chupa kidogo. Haya. Mnaona rula? Uso wa maji uko hapa, ncha iko hapa. Hii ni sentimita... hii ni 4. Hapana, nimemimina mengi. Subirini nipunguze.

Nimepunguza. Sasa ni 2. Wengine wanasema 4 si mbaya, mimi siikubali. Kila sentimita ya maji ni uzito ambao hewa ya mgonjwa inapaswa kuusukuma ili itoke. Mtu amevunjika mbavu, kila pumzi inamuuma, halafu unamwongezea mzigo? Na ncha ikiwa juu ya maji hata kidogo, huna kizuizi tena, hewa ya nje inaingia kifuani moja kwa moja.

Bandika plasta wima kwenye chupa, chora mstari kwenye uso wa maji, andika tarehe na saa. Hilo rahisi, twende.

Sasa lile ambalo nimeombea mvua ipungue ili mnisikie vizuri. MPIRA WA MGONJWA UNAUNGANISHWA NA MRIJA MREFU. Ule unaozama. Mfupi unaachwa wazi kabisa, haufungwi na kitu. Narudia: mrefu kwa mgonjwa, mfupi kwa hewa.

Nilikosea hili mwaka wangu wa kwanza kazini, usiku. Niliunganisha na mfupi. Nikaangalia chupa, nikaona mapovu yanatoka vizuri, nikafurahi, nikaenda kwa mgonjwa mwingine. Niliporudi yule kijana alikuwa amekaa kitandani anahema juu juu, mishipa ya shingo imemtoka. Daktari aliangalia chupa mara moja tu, akaubadilisha mpira. Kijana alipona, akatoka kwa miguu yake. Lakini mpaka leo nikiona chupa ya kifua, macho yangu yanakwenda kwenye kizibo kabla hata sijamsalimia mtu.

Nitawaonyesha kwa nini mapovu yalinidanganya. Vifaa hivi havijawahi kugusa mgonjwa, kwa hiyo naweka mdomo. Usithubutu kufanya hivi na cha wodini. Mdomo wangu ndio kifua. Kwanza kwa usahihi, kwenye mrija mrefu. Napuliza: mapovu. Hewa imetoka kifuani, imepita kwenye maji, imetokea kwenye mrija mfupi. Sasa navuta taratibu: hakuna povu, maji yanapanda kidogo ndani ya mrija yanasimama. Hewa haiwezi kurudi. Maji ndiyo mlango, unafunguka upande mmoja.

Sasa nahamia kwenye mfupi. Navuta: tazameni! Mapovu! Hewa ya nje inashuka kwa mrija mrefu, inapita majini, inaingia kifuani kwangu. Napuliza: leta kitambaa, maji yameruka mezani. Yamepanda kwa mrija mrefu, hewa yenyewe imebaki ndani. Kila pumzi inaongeza hewa, haitoki. Pafu linasinyaa zaidi, moyo unasukumwa pembeni.

Kwa hiyo usiulize tu kama kuna mapovu. Uliza yanatoka lini. Mweke mgonjwa mkono begani, umtazame kifua na chupa pamoja. Yatoke anaposhusha pumzi au anapokohoa. Yakitoka anapovuta, simama hapo hapo, fuata mpira kwa kidole mpaka kwenye kizibo.

Haya, chupa inakaa chini. Sakafuni, au kwenye kibebeo chake, sentimita 80 mpaka 100 chini ya kifua. Ukiinyanyua juu ya kifua, maji na uchafu wote vinarudi kwa mgonjwa. Ndugu wa wagonjwa, hili ni lenu: akienda chooni, chupa inabebwa chini ya kiuno. Usiiweke kitandani akiwa anahamishwa. Wafagiaji nao waambieni, chupa isisogezwe kwa mguu.

Hebu... rudisha kamera pale chini. Mnaona mpira ulivyolegea na kutengeneza kitumbo? Sikupanga hili, lakini afadhali limetokea. Maji yakikaa kwenye kitumbo hicho yanaziba njia, hewa inagonga mwamba, na wewe unadhani kifua kimekauka. Vuta mpira uliozidi juu ya kitanda, ubandike kwenye shuka kwa plasta, unaobaki ushuke moja kwa moja. Sawa. Endelea.

Njia hii ni ya zamani. Daktari Gotthard Bülau wa Hamburg, Ujerumani, aliitumia mwaka 1875 kutoa usaha kifuani, akaja kuiandika 1891. Siku hizi kuna vyombo vya plastiki vyenye vyumba vitatu, vizuri sana, vinaungwa na mashine ya kuvuta. Mimi naipenda chupa. Umeme ukikatika saa nane usiku yenyewe inaendelea, maana inatumia pumzi ya mgonjwa na mteremko tu.

Ikiungwa vizuri, maji ndani ya mrija mrefu yanabembea: yanapanda akivuta pumzi, yanashuka akitoa. Yakiacha kubembea, ama pafu limefunguka limejaa, ama mrija umeziba au umepindwa. Anza na mrija. Mara nyingi mgonjwa ameulalia.

Mrija unaotoa mapovu usiubane na kuuacha. Hewa itakosa pa kutokea, tunarudi kwenye hadithi ya yule kijana. Kubadilisha chupa: mpya iwe tayari pembeni, na sentimita zake 2, ndipo unabana, unahamisha, unaachia. Sekunde chache. Kama chupa imevunjika, tumbukiza ncha ya mpira kwenye chupa yoyote ya salaini, kisha ita msaada.

Maji mengi ya siku nyingi yasitolewe yote kwa mkupuo. Yakifika lita 1 hadi 1.5, au mgonjwa akianza kukohoa mfululizo na kubanwa kifua, hapo unaruhusiwa kuubana mrija kwa muda, na daktari aitwe. Pafu likifunguka ghafla linaweza kujaa maji lenyewe. Kwa aliyeumia, damu lita 1.5 mara tu mrija ulipoingia, au ml 200 kila saa kwa saa 2 mpaka 4, ni habari ya chumba cha upasuaji.

Mwombe mgonjwa akohoe, aketi, atembee. Mpe dawa ya maumivu kwanza, ndipo umwambie avute pumzi ndefu. Baridi ya Juni ikiingia wanajikunja kwenye blanketi, mbavu zinakakamaa. Mletee chai ya moto, mkae wote.

Mnapopokezana zamu msiseme "chupa iko sawa". Pigeni magoti kando ya kitanda, wote wawili, msome plasta. Hivi: "Saa 1 asubuhi, ml 480, ukiondoa 300 za salaini ya mwanzo, kifua kimetoa 180. Maji ya rangi ya majani ya chai. Yanabembea. Mapovu akikohoa tu. Mpira kwenye mrija mrefu, mfupi wazi." Andika, saini, nenda nyumbani. Ndaga fijo, asanteni sana.