Tulipu za Michirizi Hapa Hapa Tanga: Baridi Tunaitoa Kwenye Friji

Haya jamani, hamjambo? Karibuni tena uani kwangu. Mmeniuliza sana, "Dada, yale maua ya tulipu ya mistari mistari umeyatoa wapi?" Leo tunapanda.

Sogeza kamera. Hiki hapa ndicho tunachopanda. Kitunguu kabisa, ee? Ndiyo maana mfuko nimeuandika kwa wino mwekundu: SI MBOGA. Mama mkwe alishakimenya kimoja, nikawahi kabla hakijaingia kwenye mafuta. Msile, kitawasumbua tumbo.

Hii inaitwa Carnaval de Nice, nyeupe yenye michirizi myekundu. Ile pale Flaming Parrot, njano na nyekundu, ukingo umechanikachanika kama manyoya. Hiyo ndiyo roho yangu. Kuna waliosikia kwamba michirizi ni ugonjwa. Zamani kweli! Kule Uholanzi, zile tulipu za bei ya nyumba, kabla soko halijaporomoka Februari 1637, michirizi yake ililetwa na kirusi kinachosambazwa na vidukari. Ua linapendeza, kitunguu kinadhoofu. Hizi zetu michirizi ni ya asili yake, hazina ugonjwa.

Sasa baridi. Tulipu inataka wiki 12 hadi 16 kwenye nyuzi 2 hadi 9. Wenzetu wa Lushoto mna nafuu, sie wa pwani ni friji tu. Zangu ziliingia mwanzoni mwa Aprili, kwenye mfuko wa karatasi wenye matundu, na leo ni Julai, kipupwe hiki. Friji, si friza.

Na humo ndani MATUNDA YASIKAE. Mwaka juzi niliweka parachichi mbili tu, za kuletewa kutoka Lushoto, droo ileile. Tunda likiiva linatoa gesi, ethilini, inaua ua lingali changa ndani ya kitunguu. Nikapata majani mazuuri, ua hata moja. Miezi mitatu ya umeme! Ndizi, papai, embe, tufaha, toa yote. Mgeni akija na matunda, yakae mezani.

Chungu ni hiki, chenye tundu chini. Vyungu nauza mwenyewe, njooni inbox. Udongo, mchanga, makumbi ya nazi yaliyosagwa, changanya, jaza. Hapo hakuna ufundi.

Ufundi uko hapa. Kitunguu kina ubavu bapa, umeuona? Geuza, mwanga… huo. Ubavu bapa uelekee ukuta wa chungu, maana jani la kwanza, lile pana, hutokea upande huo, litaning'inia nje na maua yabaki kati. Ncha juu. Vipange karibu karibu bila kug—

Eh! We kunguru! Mfukuze, mfukuze! Kachukua kimoja! Jamani, Flaming Parrot yangu… Acha, usikate, watu waone.

Haya. Vilikuwa saba, sasa sita. Funika udongo, mwagilia mara moja, weka kivulini penye upepo. Jua la asubuhi kidogo, la mchana hapana. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope, kitaoza.

Ua likichanua kwa joto letu halikai, siku chache tu. Usiku mimi naliingiza ndani. Likishanyauka, kitunguu tupa, hapa kwetu hakirudii. Na ile droo… mmesikia? Hata limau moja usiweke.