Mashine Haikupimi, Inakukadiria

Ndugu zangu, tuanze na kioo kilicho mbele ya mtu anayetembea juu ya mashine ya kukimbilia. Nusu saa imepita, kinasoma kalori 142. Namba hiyo imetoka wapi? Mashine haijapima pumzi yake. Inajua mambo matatu tu: kasi ya mkanda, mwinuko wake, na uzito ulioandikwa mwanzoni. Mengine yote ni hesabu.

Hesabu yenyewe hupitia kwenye oksijeni. Mtu akitulia kitini hutumia takriban mililita 3.5 kwa kila kilo ya mwili, kila dakika. Akitembea tambarare, kanuni inayotumika sana huongeza mililita 0.1 kwa kila mita anayokwenda kwa dakika. Akikimbia ni 0.2, maana mkimbiaji huurusha mwili mzima hewani kila hatua. Kilomita 6 kwa saa ni mita 100 kwa dakika. Hiyo ni 10, jumlisha 3.5, tunapata 13.5. Zidisha kwa uzito wake, tuseme kilo 70: mililita 945, pungufu kidogo ya lita. Lita moja ya oksijeni huunguza takriban kalori 5. Zidisha kwa dakika 30, na ile 142 yetu hiyo hapo.

Sasa apande mtu wa kilo 55 asiyejaza uzito wake, mashine imchukulie kuwa ana 70. Atasomewa 142 ileile, ilhali yake ni 111. Na humo zimo kama 29 ambazo angeziunguza hata angekaa tu.

Linaloniuma zaidi ni vishikio. Ukiinua mkanda asilimia 10, ile 13.5 inaruka hadi 31.5. Mtu anavishika, anaegemea nyuma, mikono imenyooka kama ya mvuta kamba. Sehemu ya uzito wake inabebwa na chuma, na mashine haioni. Anashuka amelowa jasho, amefurahi, kumbe kalori alizosomewa hakuziunguza zote. Huwa namwonea huruma, kwa sababu jasho lake ni la kweli.

Ndiyo maana mgeni akija kwangu kufanya mazoezi, jambo la kwanza namwomba aachie mikono. Mara nyingi yeye huomba tushushe mwinuko, kutoka 10 hadi 4. Namba kwenye kioo nazo zinashuka. Hapo ndipo ninapoanza kuziandika daftarini.