Chombo kimepwelewa (mahubiri ya semina ya neema, Bagamoyo)

Bwana Yesu asifiwe! Tena, Bwana Yesu asifiwe! Asanteni, kaeni, na nyie mliosimama chini ya mwembe sogeeni, viti vipo huku mbele.

Jana jioni nilishuka ufukweni, maji yalikuwa yamekupwa mbali kweli, si mnazijua siku za bamvua, ni mchanga mtupu mpaka macho yanachoka, na mashua moja imelala ubavu imepwelewa. Vijana wanne wanaisukuma, mishipa imewatoka shingoni, mmoja makombe yaliyoganda kwenye ubao yamemchana kiganja, damu inamtoka na bado anasukuma, chombo hakijasogea hata shubiri. Pembeni mzee anashona wavu wake, hata kichwa hakuinua, akawaambia tu, "Wanangu, hiyo inaondolewa na maji."

Usiku usingizi ulinigomea kwa neno lile, maana wokovu wangu wa miaka mingi ulikuwa wa kusukuma. Nafunga, nakesha, natoa, halafu hasira ni ile ile, kiburi ni kile kile, najiuliza nimekosea wapi, naongeza siku za kufunga.

Yakobo 4:6 inasema Mungu huwapinga wajikuzao, bali huwapa neema wanyenyekevu. Sasa hapa wengi tunateleza, tunaugeuza unyenyekevu kuwa nauli, yaani nikiinamisha kichwa vya kutosha, nikisema "mimi si kitu" mara nyingi, Mungu atanidai nini tena? Yule Farisayo wa Luka 18 hakudanganya jamani, alifunga kweli mara mbili kwa juma na zaka alitoa. Ila mikono ilikuwa imejaa, neema ungeiweka wapi? Mtoza ushuru akasimama mbali, hana cha kuonyesha, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," basi, akarudi nyumbani amehesabiwa haki.

Na nyie watu wa Bagamoyo hili mngetufundisha sisi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanza misheni hapa mwaka 1868 walikuwa wanawakomboa watu waliouzwa utumwani, na wengi wao walikuwa watoto. Mtoto aliyeshushwa kwenye msafara, miguu imevimba, bei yake imeshatajwa na watu wazima juu ya kichwa chake, alikuwa na nini cha kuchangia kwenye ukombozi wake? Kila nikipita pale misheni moyo unanilainika, maana Paulo anatuambia Waefeso sura ya 2 kwamba sisi ndio hao, tumeokolewa kwa neema, ni kipawa, mtu awaye yote asije akajisifu.

Mtaniuliza, kwa hiyo tulale? Hapana, yule mzee hakulala, alikuwa anashona wavu, maji yakija yamkute tayari. Paulo naye anasema alifanya kazi kupita wenzake wote, halafu hapo hapo anaongeza, wala si mimi, bali ni neema ya Mungu pamoja nami. Kazi ipo, tena nyingi, ila kuleta maji sio kazi yako.

Na Petro, nyavu zimejaa mpaka zinakatika, ndipo anaanguka magotini kwa Yesu, "Ondoka kwangu, kwa maana mimi ni mtu mwenye dhambi." Angalieni mpangilio wake. Samaki walitangulia, magoti yakafuata. Hata kule kunyenyekea alipewa.

Niwape na langu nimalize. Mimi na mdogo wangu tuligombania shamba la minazi la marehemu baba, miaka miwili hatusalimiani, na mimi kila mfungo namwombea Mungu ambadilishe. Yeye, sio mimi. Siku moja nikapiga magoti maneno yote yakakauka, nikabaki na moja tu, Bwana nimepwelewa, na lile jiwe moyoni nikashangaa halipo, sijui limetoka saa ngapi. Nikaenda kwake na kandambili zile zile za ndani. Nikapiga hodi, akafungua, akaniangalia muda mrefu, mimi sina hotuba, nikasema tu, "Mdogo wangu, nisamehe." Hakujibu. Akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakifuta vumbi kwa kiganja chake, akakiweka mbele yangu.