Mkuu wa Polisi wa Miaka 20: Mhadhara Kuhusu Marisol Valles García na Bonde Alilolikimbia

Mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi wanafunzi mliokosa viti mkaona bora msimame, asanteni sana. Niliombwa nizungumzie usalama wa raia katika miji ya mipakani. Mada hiyo ni pana, na ikizungumzwa kijumla kila mtu huitikia kwa kichwa na hakuna anayeguswa. Kwa hiyo leo nitamzungumzia mtu mmoja.

Anaitwa Marisol Valles García. Tarehe 20 Oktoba 2010 aliapishwa kuwa mkuu wa polisi wa Práxedis G. Guerrero, mji mdogo katika jimbo la Chihuahua, kaskazini mwa Meksiko, mkabala na Texas. Alikuwa na umri wa miaka 20. Alikuwa bado mwanafunzi wa kriminolojia, na nyumbani ana mtoto mchanga. Mtu aliyeshika kiti hicho kabla yake alitekwa mwaka 2009, akateswa, akakatwa kichwa. Kiti kikabaki wazi kwa zaidi ya mwaka mzima, kwa kuwa hakuna mtu mzima mwenye akili zake aliyekitaka. Kabla hata miezi mitano haijatimia tangu aapishwe, Marisol alivuka mpaka na familia yake, akaingia Marekani kuomba hifadhi.

Vyombo vya habari vya dunia vilikuwa vimeshambandika jina la mwanamke jasiri kuliko wote Meksiko. Alipoondoka, wapo waliosema kwamba kumbe ujasiri wenyewe ndio huo. Mimi naamini pande zote mbili, waliomsifu na waliomcheka, walikuwa wakimtazama mtu ambaye hakupaswa kutazamwa. Waliopaswa kutazamwa ni wale waliomkalisha pale na wale waliomwacha pale.

Tuanze na mahali penyewe. Ukitoka Ciudad Juárez ukaufuata mto kuelekea kusini-mashariki, unaingia Bonde la Juárez. Wameksiko wanauita mto huo Río Bravo, Wamarekani wanauita Rio Grande, na kwa sehemu kubwa ya mwaka maji yake yanakuwa yameshachukuliwa na mifereji ya mashamba hata mtu anaweza kuvuka bila kulowa magoti. Lilikuwa bonde la pamba. Miji yake ni midogo, imepangana kando ya barabara moja: Guadalupe, Práxedis G. Guerrero, El Porvenir. Mji wa Marisol umebeba jina la mwanamapinduzi na mwandishi aliyeuawa vitani mwishoni mwa mwaka 1910, akipigana na udikteta wa Porfirio Díaz. Miaka mia moja baadaye, katika mji wenye jina lake, dola ilikuwa imeshikwa mkononi na binti wa chuo.

Kilicholiponza bonde ni hiyohiyo jiografia yake. Mpaka ni mwembamba, barabara ni moja, ng'ambo ndilo soko kubwa la dawa za kulevya duniani. Kwa miaka mingi njia hiyo ilikuwa mikononi mwa genge la Juárez. Kuanzia mwaka 2008 genge la Sinaloa lilikuja kuinyang'anya. Serikali ya Rais Felipe Calderón, ambayo tangu Desemba 2006 ilikuwa imeamua kuwapeleka wanajeshi kupambana na wauza unga, ikamwaga askari Juárez. Mwaka 2010 peke yake, katika jiji hilo moja, waliuawa watu zaidi ya 3,000. El Paso, iliyo hatua chache tu kuvuka daraja, ilihesabiwa wakati huohuo miongoni mwa miji mikubwa iliyo salama kabisa Marekani. Na bunduki nyingi zilizokuwa zikiua upande huu zilinunuliwa upande ule.

Sasa kwa nini magenge yawindwe na polisi wa taifa, halafu wanaouawa wawe polisi wa mji? Hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa ninyi mnaosoma sheria. Wakati ule Meksiko ilikuwa na polisi wa ngazi tatu: wa taifa, wa jimbo na wa manispaa. Kosa la kusafirisha dawa za kulevya ni la mamlaka ya taifa. Polisi wa manispaa kazi yao ni kuzuia: doria, ugomvi wa majirani, mlevi aliyelala barabarani. Lakini ndio wanaojua nani kahamia nyumba gani, gari lipi ni geni, askari jeshi wamepita saa ngapi. Kwa genge, polisi wa manispaa ni jicho na redio iliyokwisha kulipiwa mshahara na serikali. Genge la Juárez lilikuwa na mkono wake wa mauaji, La Línea, na mkono huo ulijaa polisi, wengine waliostaafu, wengine waliokuwa bado kazini. Kwa hiyo ukiwa mkuu wa polisi katika bonde lile, vitisho havikufuati kutoka mbali. Huenda anayekutisha anakujua unapoegesha gari.

Nitawapa mfano mmoja kwa karibu. Januari 2008, katika mnara wa kumbukumbu wa polisi waliokufa kazini mjini Juárez, ilikutwa karatasi. Juu yaliandikwa majina ya polisi waliokwisha kuuawa, chini ya maneno "kwa wale ambao hawakuamini". Kisha yakafuata majina 17 ya polisi walio hai, na maneno "kwa wale ambao bado hawaamini". Fikiria wewe ni askari, unafika kazini asubuhi, unasoma, unakuta jina lako kwenye orodha ya pili. Wengi waliokuwamo waliuawa au wakatoroka. Mwaka uliofuata, Februari 2009, magenge yalitangaza kwamba yataua polisi mmoja kila baada ya saa 48 mpaka mkuu wa polisi wa Juárez ajiuzulu. Huyo alikuwa Roberto Orduña, meja mstaafu wa jeshi. Msaidizi wake alikuwa ameshauawa siku chache kabla. Askari wengine wakauawa, na Orduña akajiuzulu. Meja wa jeshi, mwenye jiji zima na askari kwa mamia, alishindwa ndani ya wiki moja.

Ukishajua hayo ndipo uangalie walichompa Marisol. Alipewa askari 13, wengi wao wanawake, gari moja la doria linalotembea, bunduki tatu na bastola moja. Hivyo ndivyo vilikuwa vifaa vya kulinda mji ulio kwenye njia inayogombewa na magenge mawili tajiri.

Na yeye alisoma hali vizuri kuliko wengi wanavyomsimulia. Hakuingia pale akijigamba kwamba atawakamata wakubwa wa unga. Alisema waziwazi kwamba uchunguzi wa mauaji na wa magenge ni kazi ya jimbo na taifa. Hakutaka kubeba silaha. Mpango wake ulikuwa kuwatuma askari wanawake nyumba kwa nyumba wazungumze na familia: watoto wanasoma au wameacha, baba ana kazi, nani anapigwa ndani. Alitaka watu waanze tena kutoka nje na kusalimiana. Kuna waliouona mpango huo kuwa wa kitoto. Mimi nauheshimu sana, kwa sababu ndiyo kazi ya polisi wa manispaa kwa mujibu wa sheria, na katika nchi yenye amani tungemwita mtaalamu. Upungufu haukuwa kwake. Kazi yake ilihitaji nyuma yake pawepo mtu wa kuifanya ile nyingine, na hapakuwa na mtu.

Kisha wakaja waandishi wa habari. Mahojiano, picha, miwani yake, umri wake, mtoto wake. Wiki chache tu na uso wake ulijulikana mpaka mabara ya mbali. Najua wengi wao waliandika kwa nia njema. Lakini ukimchukua mtu asiye na silaha wala ulinzi wa maana, ukaitangazia dunia kwamba amewadharau wauaji, unakuwa umewachokoza kwa niaba yake. Na serikali nayo ilipata nafuu: maadam yupo shujaa, nani atauliza jeshi liko wapi?

Hakuwa peke yake, na hili husahaulika. Katika mji jirani wa Guadalupe alikuwapo Erika Gándara, mwenye miaka 28. Wenzake waliuawa au wakaacha kazi mmoja mmoja, mpaka akabaki polisi wa pekee wa mji mzima. Yeye alibeba bunduki. Tarehe 23 Desemba 2010 watu wenye silaha walimchukua nyumbani kwake. Mji wa Meoqui, ndani ya jimbo hilohilo, ulimteua Hermila García, mwanasheria wa miaka 38, kuongoza polisi. Alikataa walinzi. Aliuawa tarehe 29 Novemba 2010 akielekea kazini, hajafikisha hata miezi miwili. Na tarehe 16 Desemba, Marisela Escobedo, mama aliyekuwa akidai haki ya binti yake aliyeuawa, alipigwa risasi mbele ya jengo la serikali ya jimbo, mjini Chihuahua. Katika muda wa wiki nne tu, mwenye bunduki, asiye na mlinzi na mama mwenye bango wote walifikwa. Marisol aliishi miezi hiyo akiyasikia haya moja baada ya jingine, huku simu za vitisho zikimfuata.

Mwanzoni mwa Machi 2011 aliomba ruhusa ya siku chache, akitaja afya ya mtoto. Siku ya kurudi ilipofika hakurudi. Tarehe 7 Machi manispaa ikatangaza kwamba imemwachisha kazi kwa utoro. Kesho yake ilikuwa Siku ya Wanawake Duniani. Mkuu wa polisi anatoweka katika bonde ambalo mwenzake wa mji jirani ametekwa miezi isiyofika mitatu nyuma, na barua inayotoka ofisini ni ya nidhamu ya kazi! Nikiri kwamba jambo hili linanikasirisha mpaka leo. Laiti manispaa ingesema kwa sauti: tumeshindwa kumlinda mtumishi wetu.

Tuna msemo kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Ndivyo walivyomwambia wengi: si ulikubali mwenyewe? Msemo huo una mahali pake, lakini hapa unaumiza mtu asiyestahili, na bahati mbaya sheria ya Marekani inakaribia kuusema kwa lugha ya mahakama. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unamlinda anayeogopa kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kuwa mmoja wa kundi fulani la kijamii, au maoni yake ya kisiasa. Je, polisi anayetishwa na wauza unga anaingia wapi? Mwaka 1988 baraza la rufaa za uhamiaji la Marekani liliamua kesi iitwayo Matter of Fuentes, ya mtu aliyewahi kuwa polisi huko El Salvador. Likasema kwamba hatari inayompata polisi aliye kazini kwa sababu tu ya upolisi wake ni hatari ya kazi, na haitoshi kuitwa mateso kwa maana ya mkataba. Likaacha mlango wazi kidogo kwa aliyekwisha kuacha kazi, kwa kuwa ukweli kwamba uliwahi kuwa polisi huwezi kuufuta.

Pimeni maana yake. Akiwa kazini, kifo chake ni sehemu ya ajira. Ili alindwe, kwanza aache kazi, kisha athibitishe kwamba bado anatafutwa, kisha aoneshe kwamba chuki ya genge inatokana na kundi lake au msimamo wake, si na pesa tu. Waombaji wa Meksiko waliokubaliwa katika miaka ile walikuwa wachache mno, na watu wa bonde lile walivuka na faili zilizojaa vyeti vya vifo vya ndugu zao.

Sisi huku tuna jibu tofauti, na ni letu. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliopitishwa Addis Ababa Septemba 1969, uliongeza kwamba mkimbizi ni pia yule anayelazimika kukimbia kwa sababu ya matukio yanayovuruga vibaya amani ya umma, katika nchi nzima au sehemu yake. Sehemu yake, zingatieni. Bonde moja linatosha. Nchi za Amerika ya Kati na majirani zao zilipokutana Cartagena, Kolombia, Novemba 1984, ziliutaja mkataba wetu kwa jina, zikajenga juu yake. Meksiko yenyewe imeiweka fasili hiyo katika sheria yake ya wakimbizi iliyotangazwa Januari 2011, wiki chache kabla Marisol hajavuka daraja. Kwa hiyo mtu anayekimbia vurugu za nchi nyingine kuingia Meksiko ana kifungu cha kushika. Marisol alikimbilia upande usio na kifungu hicho.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza tulipokuwa tukiingia: kwani angefanya nini kingine? Jibu langu ni kwamba kwa upande wake hakuna. Alifanya kazi aliyoikubali, kwa njia aliyoahidi, mpaka ikabaki kuchagua kati ya ofisi na uhai wa mtoto. Maswali yangu yote yanakwenda kwa jimbo, kwa taifa, na kwa nchi ya ng'ambo inayonunua unga na kuuza bunduki. Naomba mliosoma Fuentes mjiandae, maana nitawaomba mtetee uamuzi ule mbele ya wenzenu kabla hatujaendelea na maswali mengine.